Msomi kama Msimulizi: Machakos na Kauli za Wataalamu

Limekuwa jambo la kawaida nchini Kenya kwamba kila litokeapo tukio, liwe ukame, uchaguzi au mgomo, msomi wa chuo kikuu hutafutwa na waandishi wa habari atoe kauli. Naye huitoa kwa ufupi na kwa yakini. Wapo wanaodai kwamba idara za fasihi hazina la kusema kuhusu desturi hii, kwa kuwa mambo ya siku ni ya wanauchumi na wanasiasa. Dai hilo ni potofu. Kauli ya mtaalamu ni matini: ina msimulizi, ina hadhira, na ina wahusika wasiopewa usemi.

Mfano wa Machakos unatosha. Mwaka 1937, Colin Maher, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo katika eneo lililotengewa Wakamba. Picha inayojitokeza humo ni ya nchi inayogeuka jangwa la mawe na mchanga mikononi mwa wenyeji wake. Kwa istilahi za uhakiki, huyo ni msimulizi mjuzi wa yote. Mwaka uliofuata, serikali ilitwaa ng'ombe wa Wakamba kwa hoja kwamba mifugo imezidi uwezo wa ardhi. Wenyeji walikuwa na hoja yao: malisho, yakiwemo ya Milima ya Mua, yalikuwa yametwaliwa na walowezi. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi kuieleza. Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu.

Hukumu ya wataalamu haikutimia. Mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua, kwa sehemu kubwa kutokana na matuta yaliyochimbwa na wakulima wenyewe. Hata hivyo, matokeo hayo nayo yaligeuzwa kaulimbiu. Ilibidi John Murton aonyeshe, mwaka 1999, kwamba neema hiyo haikuwafikia wote kwa usawa.

Hapa hadaiwi msomi anyamaze. Ukimya wa msomi huwaachia wenye mamlaka uwanja mzima. Linalodaiwa ni kwamba aseme alichokiona na asichokiona. Aseme kwa lugha ambayo mkulima wa Mwala au Masii anaweza kumjibu kwayo. Na akikosea, arudi kukiri pale pale alipotoa kauli. Kiswahili ni lugha ya taifa na, kwa Katiba ya 2010, ni lugha rasmi pia. Kisingizio cha kukikwepa hakipo.

Tangu 2016 Machakos ina chuo kikuu chake kamili, na wasomi wake nao wataulizwa juu ya mvua, njaa na kura. Mhakiki anayemfundisha mwanafunzi kumshuku msimulizi wa riwaya, kisha akameza kauli ya mtaalamu bila kuitafuna, amefundisha nusu ya somo. Mtaa wa Muindi Mbingu jijini Nairobi uko karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Wasomi huupita wakienda kuhojiwa kuhusu wananchi. Aliyepewa jina la mtaa huo alihamishwa kwa kujaribu kujisemea.