Pipa la Mchanga: Maji ya Haraka Si Maji Safi



Kiangazi cha Handeni tunakijua. Lambo linapungua, maji yanabaki na rangi ya chai ya maziwa, na dumu linapanda bei. Mradi wa maji wa miji 28 unaotegemea Mto Pangani umekusudiwa kwa Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani, lakini wewe unayeishi mbali na bomba bado utachota lamboni au kisimani. Ndiyo maana mapipa ya kuchujia maji kwa mchanga yanatafutwa. Msimamo wangu ni huu: usinunue pipa linalosifiwa kwa kutoa maji haraka. Kasi hiyo ndiyo kasoro yake.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy alichapisha vipimo alivyofanya mjini Dijon vya maji yanayopita kwenye mchanga. Ukiongeza mara mbili tofauti ya kimo kati ya maji ya juu na mdomo wa kutolea, maji hutoka mara mbili. Ukiongeza unene wa mchanga mara mbili, hutoka nusu. Baadaye Kozeny mwaka 1927 na Carman mwaka 1937 walieleza nafasi ya chembe zenyewe: chembe zikipungua upana kwa nusu, maji hupita robo tu. Kwa hiyo ukubwa wa chembe una nguvu kuliko unene wa mchanga.

Upangaji wa chembe nao una kazi yake. Chukua debe lililojaa mahindi, kisha mwagia uwele juu na utikise. Uwele unaingia katikati ya mahindi na debe halifuriki mara moja. Mchanga uliochanganyika na vumbi na udongo hufanya hivyo hivyo: vidogo vinajaza nafasi za vikubwa, na njia ya maji inaziba. Mchanga wa mtoni usiochekechwa wala kuoshwa si chujio.

Baadhi ya wauzaji wanakimbia tatizo hilo kwa kujaza mchanga mnene au changarawe. Maji yanatiririka, mteja anafurahi. Lakini vijidudu vinapita pia. Mchanga husafisha kwa sababu maji yanakwenda taratibu, uchafu unanasa kwenye chembe, na utando hai unaojengeka juu unakula vijidudu. Utando huo unahitaji wiki mbili hadi nne kukomaa. Mwaka 1892 Hamburg, Ujerumani, ilikumbwa na kipindupindu kikali. Jirani yake Altona ilinusurika kwa kiasi kikubwa, ingawa ilitumia mto ule ule wa Elbe. Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, Hamburg haikuchuja.

Najua utasema: "Mchanga laini unaziba." Kweli, hasa kwa maji ya lambo yenye udongo wa mfinyanzi. Dawa yake si kubadili mchanga. Acha maji yatuame usiku kucha kwenye ndoo kabla ya kuyamimina. Unga wa mbegu za mlonge husaidia tope kushuka. Mtiririko ukififia, kwangua sentimita 1 au 2 za juu. Usikoroge pipa zima.

Ukitengeneza au ukinunua, zingatia haya:

1. Pipa liwe lililobeba chakula, kamwe si dawa za shambani wala mafuta ya mashine.
2. Chini weka kokoto, kisha changarawe, kisha mchanga laini wa sentimita 60 hivi.
3. Chekecha mchanga kwa wavu wa matundu ya milimita 0.7 hivi, kisha uoshe mpaka maji ya kuoshea yakaribie kuwa meupe.
4. Mdomo wa bomba la kutolea uwe juu kidogo ya mchanga, ili sentimita 5 za maji zibaki juu yake na utando usikauke.
5. Pima kwa chupa ya lita 1 na saa ya simu. Kwa pipa la lita 200, chupa ikijaa chini ya nusu dakika, kasi imezidi. Dakika 1 hadi 2 ni nzuri. Ikizidi dakika 5, kwangua juu.

Kwa kasi ya dakika 2 kwa lita utapata lita 30 kwa saa. Familia nyingi zinatosheka, mradi umimine mapema badala ya kusubiri kiu. Maji ya kunywa endelea kuyachemsha; pipa linapunguza mzigo, haliondoi wajibu.

Ndugu mfanyabiashara, hapa kuna biashara halali: uza mchanga uliochekechwa na kuoshwa, na mpimie mteja chupa mbele ya macho yake. Nawe mteja, usilipe kabla hujaona chupa hiyo ikijaa taratibu.