Sigara na Picha ya Mchunga Ng'ombe

Ndugu Wafanya Kazi,

Twataka kusema neno juu ya sigara ya Marlboro. Kampuni ya Philip Morris ilianza kuiuza huko Marekani mwaka 1924, ikitangazwa kuwa sigara laini ya wanawake. Wanunuzi walikuwa wachache. Basi kuanzia mwaka 1955 watengeneza matangazo wa Leo Burnett, wa Chicago, waliitangaza kwa picha ya mchunga ng'ombe, na wanaume wakaikimbilia.

Tazameni hila hiyo. Mchunga ng'ombe wa Marekani alikuwa kibarua kama sisi wa reli. Mwaka 1883 wachunga wa Texas waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Lakini katika picha hana tajiri, hana posho, hana mgomo. Ana farasi na moshi tu. Na David McLean, aliyeigiza mchunga huyo, alikufa mwaka 1995 kwa saratani ya mapafu.

Ndugu, mshahara wetu ni jasho letu. Tajiri akituonyesha kibarua asiye na shida, na tuulize: huyu analipwa kiasi gani? Shilingi ya sigara na iende nyumbani, au katika ada ya chama.

Umoja ni nguvu.