Tovuti ya Chama: Tupime Kinachosaidia, Tuache Kuchungulia Watu

Leo naomba niseme kidogo kuhusu tovuti ya chama chetu, maana kuna jambo linaletwa kwenye mkutano mkuu na mimi nina msimamo wangu.

Kila muhula kamati ikisoma taarifa yake, tovuti hupewa sentensi moja: imetembelewa na watu wengi kuliko muhula uliopita. Tunapiga makofi, tunaendelea na pilau. Hakuna anayeuliza hao watu walikuja kutafuta nini, na je, walikipata? Safari hii limekuja pendekezo la kufunga programu itakayorekodi kila anachofanya mgeni ndani ya tovuti, mpaka pale kidole chake kinapogusa skrini, eti tupate takwimu za kuwaonyesha wafadhili. Mimi napinga. Lakini sipingi kupima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunachotakiwa kukubaliana ni kitu gani kiandikwe kwenye daftari hilo.

Kwa wasiofahamu, mambo yako hivi. Ndani ya kila ukurasa huwekwa msimbo mfupi. Ukifungua ukurasa, msimbo huo unatuma habari kwenye seva: ukurasa gani, umetokea wapi, unatumia simu au kompyuta, upo karibu na mji gani. Mara nyingi unakuachia pia kuki yenye namba, ili ukirudi ujulikane kuwa ni wewe wa jana. Chombo kinachojulikana zaidi ni Google Analytics, kilichoanza 2005 baada ya Google kuinunua kampuni ya Urchin. Toleo lake la zamani liliacha kupokea takwimu mpya za tovuti kama yetu tarehe 1 Julai 2023. Toleo la sasa linahesabu matukio: mtu kafungua ukurasa, kateremka mpaka karibu na mwisho wake, kapakua faili, kabofya linki ya kwenda nje.

Sasa, chombo hicho ukikiacha kama kilivyotoka dukani kitakupa namba nyingi ambazo hazikuambii kitu, na nyingine zitakudanganya. Mtu mmoja mwenye simu na laptop anaweza kuhesabiwa watu wawili. Wanakamati wanaofungua tovuti kila siku kurekebisha matangazo nao wanahesabiwa wageni. Kuna na hili la sekunde 10. Google Analytics humhesabu mgeni kuwa amejishughulisha na tovuti akikaa zaidi ya sekunde 10, au akifungua kurasa mbili, au akifanya tukio ulilolitaja wewe kuwa la muhimu. Haya, mwanafunzi kashuka uwanja wa ndege na mabegi yake, kafungua ukurasa wetu, kaona namba ya basi, kafunga. Sekunde 8. Huyo tumemsaidia kuliko wote, lakini kwenye ripoti anaonekana kama aliyepita njia. Mwenzake aliyekaa dakika kumi kwenye ukurasa wa kupanga nyumba, huenda hakuelewa kitu.

Mimi kazi yangu maabara ni kufunga vihisi kwenye pampu. Hatuanzi kwa kununua vihisi, tunaanza kwa kuuliza pampu inaharibika vipi, halafu ndo tunachagua cha kupima na mahali pa kukipima. Kwenye tovuti yetu mimi naona maswali matatu yanatosha.

La kwanza, wanafunzi wapya wanaupata mwongozo wa kufika? Hapa kazi ni ndogo, kwa sababu kupakua faili kunahesabiwa kwenyewe. Tulitaje kuwa tukio la muhimu, na kubofya namba ya simu ya mapokezi tukutengenezee tukio lake.

La pili, tangazo gani linaleta watu? Wengi wetu tunapata linki kwenye makundi ya WhatsApp, na anayetokea huko mara nyingi huonekana kama kaandika anwani mwenyewe. Dawa yake ni kuongeza maneno mwishoni mwa linki kabla ya kuituma, mfano utm_source=whatsapp. Bila hivyo tutaendelea kubishana kama tangazo la barua pepe linasaidia au halisaidii.

La tatu, fomu ya uanachama watu wanaiacha hatua ya ngapi? Hilo chombo hakilijui mpaka ukifundishe. Unatengeneza tukio la kila hatua, unalipa kigezo chenye namba ya hatua, halafu unakisajili kigezo hicho. Usipokisajili hutakiona kwenye ripoti za kawaida, na ukichelewa kukisajili hakikurudishii ya nyuma. Ongeza kichujio cha kuwaondoa wanakamati, basi, kazi imekwisha.

Kurekodi vidole ni habari nyingine. Pampu haioni aibu ikipimwa, binadamu anaona. Tovuti yetu ina ukurasa wa waliokwama ada, ukurasa wa matatizo ya viza, na ukurasa wa ushauri kwa wenye msongo wa mawazo. Wengine wetu hatujawaambia hata wazazi nyumbani kwamba mambo yamekuwa magumu. Mtataniambia takwimu hazina majina. Jamani, sisi ni wachache! Ripoti ikisema simu ya lugha ya Kifaransa, kutoka mji fulani, ilifungua ukurasa wa ada saa nane za usiku mara nne wiki hii, kuna haja ya jina? Google wenyewe huzuia baadhi ya takwimu kwenye ripoti watu wakiwa wachache mno, ili mmoja mmoja asitambulike. Na siku fununu ikitoka kwamba kamati inaona, mwenye shida hatafungua tena ukurasa huo. Atakaa na shida yake chumbani.

Tusisahau pia wadogo zetu wanaotusoma kutoka Mwanza, Kisumu au Mbarara kabla ya kusafiri. Wao wanatumia kifurushi cha kununua. Kila programu tunayoiongeza wanaipakua wao, kwa hela yao.

Na hili si suala la Ulaya peke yake. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Msingi wake ni mmoja: kusanya kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja. Wengi wetu tutarudi kuendesha mifumo ya hospitali, mabenki na halmashauri. Tabia tutakayoizoea hapa ndiyo tutakayokwenda nayo.

Mfadhili naye apewe kitu cha maana. Mwambie wanafunzi kadhaa walipakua mwongozo wako uliolipia uchapaji, ataelewa kuliko idadi ya vidole.

Kwa hiyo naomba mkutano mkuu uamue mambo manne. Tupime maswali matatu niliyoyataja na tuyaandike wazi kwenye tovuti ili kila mgeni ajue. Kurasa za ada, viza na ushauri zisiwekwe msimbo wowote wa kufuatilia. Takwimu zikae miezi miwili, siyo 14. Na pendekezo la kurekodi likataliwe.

Naomba kutoa hoja.

Mwandishi ni mwanafunzi wa uzamivu katika uhandisi.