Reli ya Nachingwea Haikufa kwa Kukosa Mzigo

Wapo watumishi wa umma ambao kila reli ya kusini inapotajwa huwa na jibu moja tayari: ilijaribiwa, ikashindwa. Jibu hilo ni kasumba, na baya zaidi, limepenya hata madarasani.

Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya mkulima wa Nachingwea wala wa Ruangwa. Serikali ya Uingereza, ikihangaika na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, iliamua mwaka 1946 kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Stesheni ya Nachingwea na yadi yake ya mizigo ziliwekwa porini ili kupokea matrekta na kupakia karanga za Waingereza. Reli ilipofika mwaka 1949, mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuoza. Mwaka 1951 ukaachwa, na zaidi ya paundi milioni 36 zikafutwa vitabuni. Bandari ya Mtwara, iliyokusudiwa kusafirisha karanga hizo, ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zenyewe hazipo!

Basi ni nani aliyeshindwa? Ni wataalamu waliofyeka misitu kabla ya kupima mvua na udongo, au ni mkulima ambaye hakuulizwa neno? Hata hivyo hasara aliandikiwa mkulima. Reli ilifungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa pamoja na mataruma yake, na haifai kufichwa kwamba bendera ya Uhuru ilikuwa imekwisha kupandishwa. Mkoloni aliondoka, kipimo chake kikabaki mezani. Miaka miwili baadaye vita ya ukombozi wa Msumbiji ikaanza, Nachingwea ikawa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, na reli iliyohitajika kuliko wakati wowote haikuwepo.

Leo mzigo upo. Korosho za Nachingwea na Ruangwa hujaa maghalani kila msimu, na Ruangwa kuna madini ya kinywe. Vyote hungoja malori, na mnunuzi anayejua gharama ya lori hushusha bei mnadani.

Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay umezungumzwa kwa miaka mingi. Matawi yake yanaelekezwa Mchuchuma na Liganga, kwenye makaa ya mawe na chuma. Hilo si kosa. Lakini wapangaji wanapaswa kueleza, kwa hesabu na si kwa historia iliyopotoshwa, gunia la korosho la Nachingwea litapakiwa behewani katika stesheni gani.