MASHAURI YA KARANI: Diski Ikikataa Kufunguka, Kagua Kwanza



Juma lililopita mzee mmoja wa upande wa Dutwa aliniletea swali. Picha zote za arusi ya binti yake zimo katika kadi ndogo ya simu. Sasa simu inamwambia kwamba kadi imeharibika, tena inamwuliza kama aifomati, yaani aifute na kuianza upya. "Je, nikubali?"

La, mzee wangu, usikubali. Jibu ni fupi, lakini sababu yake ni ndefu kidogo, nami naijua kwa gharama. Jambo la namna hiyo lilinipata mimi mwenyewe hapa Bariadi, tena kwa kosa langu.

Ofisini tuna kompyuta moja kuukuu yenye mfumo wa Linux, pamoja na diski ya nje ya kuwekea kumbukumbu. Mwaka ule nilijizoeza kuandika ubatizo kwanza katika kompyuta, nikijiambia kwamba nitayanakili majina katika kitabu kikubwa siku nitakapopata nafasi. Nafasi haikuja, na miezi minne ikapita. Jioni moja ya mvua na radi umeme ulikatika ghafula, nami nipo katikati ya kuandika. Uliporudi, diski haikufunguka.

Kesho yake asubuhi alikuja mama mmoja kuomba cheti cha binti yake. Binti huyo alibatizwa usiku wa Pasaka, na ndoa yake ilikuwa imekwisha kupangwa baada ya mauzo ya pamba. Nilimwambia arudi siku ya tatu. Kisha nikaichukua ile diski mbio mbio hadi kwa rafiki yangu mwenye kompyuta ya Windows. Tulipoichomeka, kompyuta ikasema kwamba diski hii lazima ifomatiwe ndipo itumike. Kidole changu kilikuwa kimekwisha kufika juu ya kitufe, ndipo nikamkumbuka yule mama. Nikaichomoa.

Baadaye mwalimu mmoja wa sekondari alinieleza maana yake. Diski yetu iliandikwa kwa namna ya Linux iitwayo ext4, na Windows haiisomi namna hiyo. Ni kama mtu asiyejua Kisukuma akisikiliza wazee wakizungumza barazani, kisha aseme kwamba hawajasema neno. Kompyuta haikusema uongo. Ilisema tu kwamba yenyewe haielewi. Lakini kama ningekubali, ingeandika daftari jipya juu ya lile la zamani.

Sasa daftari hilo ni nini? Fikirini kijiji. Nyumba zipo, watu wapo, mashamba yapo. Lakini ofisini kwa mtendaji kuna daftari: nyumba ya fulani ipo mahali fulani, ina watu kadha, shamba lake linaanzia hapa na kuishia pale. Diski nayo ina mambo mawili. Kuna yaliyoandikwa, yaani barua zenu na picha zenu, na kuna daftari linalosema kila kitu kipo wapi. Mchwa wakila daftari la mtendaji, nyumba hazianguki. Ila mgeni akija hawezi kuonyeshwa nyumba ya mtu.

Mara nyingi umeme ukikatika, au mtu akichomoa flashi kabla ya kuiaga kompyuta, kinachoharibika ni daftari. Kwa hiyo kuna programu zinazopita nyumba hata nyumba na kulilinganisha daftari na hali ilivyo. Katika Linux na jamaa zake programu hiyo huitwa fsck. Ni kazi ya zamani: ilitungwa Marekani katika miaka ya 1970, na anayetajwa kuitunga ni Ted Kowalski, aliyekuwa katika maabara ya Bell. Kwa diski za ext4 huitwa e2fsck. Windows wana chkdsk. Kompyuta za Apple zina diskutil. Zote hutumika kwa kuandika amri kwa maneno, bila kubonyeza picha, nazo ni bure.

Nitawaeleza tulivyofanya, kwa utaratibu, maana utaratibu ndio dawa yenyewe.

Kwanza tuliandika amri ya lsblk ili kujua diski inaitwaje. Yetu iliitwa sdb1. Yako yaweza kuitwa vingine. Msikosee hapa, maana ukitaja diski nyingine utaitibu iliyo nzima. Tena diski isiwe imefunguliwa na kompyuta wakati wa kazi. Ikiwa imefunguliwa, hufungwa kwa amri ya umount.

Pili tulifanya nakala ya diski nzima, kama ilivyo pamoja na ubovu wake, katika diski nyingine kubwa zaidi:

ddrescue /dev/sdb1 nakala.img nakala.map

Programu hii husoma kwanza mahali penye afya, kisha ndipo hurudia mahali penye shida. Ilichukua saa nyingi, nasi tuliiacha ifanye kazi. Toka hapo hatukuigusa tena diski yenyewe. Tuliiweka kabatini, tukafanya kazi juu ya nakala.

Tatu tulikagua bila kubadili kitu:

e2fsck -f -n nakala.img

Herufi n ndiyo ngao yenu. Kila programu inapouliza, "Je, nitengeneze?" hiyo n huijibu, "Hapana." Utaona makosa yote, wala hakuna hata moja litakaloguswa. Orodha ikiwa ndefu msiogope. Diski ya ext4 ina kitabu cha rasimu ambamo huandika mabadiliko ya daftari kabla ya kuyatia katika daftari lenyewe, na ukaguzi wa n hauisomi rasimu hiyo. Basi huenda baadhi ya makosa yakatoweka yenyewe wakati wa matengenezo.

Kwetu programu ilisema kwamba ukurasa wa kwanza wa daftari haufai, na kwamba inatafuta nakala zake. Ndipo nilipofahamu busara ya waliotunga: ukurasa ule hunakiliwa mahali pengine pengi katika diski. Mara nyingi programu huzipata nakala hizo yenyewe. Isipozipata, huonyeshwa kwa -b 32768, ndipo ilipo nakala ya kwanza ya akiba katika diski zilizogawanywa kwa vipande vya baiti 4096, kama zilivyo nyingi.

Nne, baada ya kunakili ile nakala mara ya pili, tulitoa amri ya kutengeneza:

e2fsck -f -y nakala.img

Hapo y hujibu "Ndiyo" kwa kila swali. Programu huenda mizunguko mitano. Wa kwanza hukagua kila faili na mahali ilipokaa. Wa pili hukagua orodha za majina. Wa tatu huangalia kama kila folda imeungana na mzizi wake. Wa nne huhesabu ni majina mangapi yanayoielekea kila faili. Wa tano hulinganisha hesabu ya nafasi zilizo tupu na zilizojaa.

Hapa, wasomaji wangu, ndipo penye neno ninalotaka mlishike. Programu hii hulipatanisha daftari na nafsi yake. Haijui ukweli wa yaliyomo. Ikikuta faili mbili zinadai kipande kimoja cha diski, huweza kuipa kila moja nakala yake, lakini haijui nani ndiye mwenye mali. Ikikuta faili isiyo na jina wala folda, kama mtoto asiyejulikana wazazi, huiweka katika folda iitwayo lost+found na kuiita kwa namba tu. Mwishoni itasema diski ni safi. Safi ni daftari. Barua zako ni juu yako kuzifungua moja moja na kuzisoma.

Nasi tulizifungua. Kumbukumbu za miezi mitatu zilirudi mahali pake kamili. Ile ya Pasaka haikuwapo. Tuliikuta katika lost+found ikiwa na namba badala ya jina. Nusu yake ya kwanza ilisomeka vizuri, na nusu ya pili ilikuwa alama zisizo na maana. Jina la yule binti lilikuwa katika nusu ya pili.

Hakuna amri ya kompyuta iliyobaki. Ilibaki amri ya miguu. Nilichukua baiskeli na karatasi, nikaenda kwa katekista, kisha jumuiya kwa jumuiya, nikiuliza: nani alibatizwa usiku ule, msimamizi wake nani? Watu walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 876, yasema kwamba ushahidi wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka hutosha kuthibitisha ubatizo, ikiwa hakuna anayedhulumiwa. Na aliyebatizwa akiwa mtu mzima aweza kuapa mwenyewe. Mama wa ubatizo wa binti huyo alikuja ofisini, akatoa ushahidi mbele ya paroko. Cheti kikaandikwa, na ndoa ikafungwa siku ile ile iliyopangwa. Lakini yule mama alitembea safari tatu kwa uvivu wa karani mmoja.

Narudi kwa mzee wa Dutwa. Flashi na kadi za simu mara nyingi huandikwa kwa namna iitwayo FAT32 au exFAT, ambazo hazina kitabu cha rasimu. Ndiyo sababu huharibika upesi zikichomolewa ovyo. Basi, mzee wangu, zima simu, toa kadi, wala usipige picha nyingine ndani yake. Ipeleke kwa mwenye kompyuta ya Windows unayemwamini. Kama picha zinafunguka, azinakili kwanza mahali pengine. Kama hazifunguki, anakili kadi nzima kama tulivyofanya sisi. Kisha aandike:

chkdsk E:

Badala ya E ataweka herufi ya kadi yako. Amri hiyo ikiachwa hivyo hutazama tu. Kutengeneza ni chkdsk E: /f, nayo hiyo iwe ya mwisho. Vipande vilivyopotea vyaweza kuwekwa katika folda iitwayo FOUND.000, vikiwa na majina kama FILE0000.CHK; msivitupe, huenda ndizo picha zenyewe. Kompyuta ikisema haitambui namna kadi ilivyoandikwa, au kadi isipoonekana kabisa, acheni hapo hapo mtafute fundi mwenye ujuzi wa kuokoa mafaili. Kwenye Apple, kutazama ni diskutil verifyVolume, na kutengeneza ni diskutil repairVolume.

Neno moja kwa makarani wenzangu, wa parokia, wa shule na wa vyama vya pamba. Kanuni ya 535 yaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na wafu. Sasa mimi huandika kwanza kwa wino, siku ile ile, ndipo huandika katika kompyuta. Kila Jumamosi hunakili kazi ya juma katika diski ya pili, ambayo hailali chumba kimoja na ya kwanza.

Nanyi wazazi, tunzeni kadi za ubatizo za watoto wenu mahali pakavu, mbali na mchwa. Siku daftari la karani litakapokosa jina, karatasi iliyo ndani ya sanduku lenu ndiyo itakayosema.

Kwaherini hadi juma lijalo.