Kijana, si lazima uanzishe biashara. Nunua ya mzee anayestaafu

Miaka mitatu iliyopita, duka la vifaa vya ujenzi nililokuwa nikifanyia kazi hapa Kebirigo lilifungwa. Halikufilisika. Mwenyewe, mzee ambaye sote tulimwita Omogaka, alichoka tu. Magoti yalimlemea, na watoto wake walioko Nairobi na Minnesota hawakutaka kurudi kuuza misumari. Bidhaa ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Mimi na wenzangu wawili tukaenda nyumbani, nao mafundi wakaanza kupanda matatu hadi Nyamira kutafuta mabati.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba niliijua biashara ile ndani nje. Nilijua fundi yupi hulipa deni na yupi hukwepa. Nilijua bonasi ya majani chai ikiingia, watu hujenga, kwa hivyo saruji iagizwe mapema. Nilichokosa ni pesa za kuinunua.

Ukitaka pesa za kuanzisha biashara, mlango upo. Hazina ya Maendeleo ya Vijana ilianzishwa 2006. Hustler Fund ikazinduliwa Novemba 30, 2022, mkopo wa mtu binafsi ukiwa kati ya Sh500 na Sh50,000. Wimbo ni ule ule: anzisha, panua. Sijasikia tangazo hata moja likisema: nunua. Ndiyo maana utapata vibanda vya M-Pesa vinatazamana na kinyozi amepakana na kinyozi, huku duka lenye wateja wa miaka 30 likifungwa.

Kuna wenzetu waliofikiria tofauti. Mnamo 1984 nchini Marekani, Irving Grousbeck, mhadhiri wa biashara aliyefundisha Harvard na baadaye Stanford, alisaidia kuanzisha kile tunachoweza kuita hazina ya kusaka biashara. Kijana mwenye ujuzi lakini asiye na mtaji huchangiwa na wawekezaji kadhaa. Pesa za kwanza humlipa mshahara na gharama kwa takriban miaka miwili, akisaka kampuni moja nzuri ambayo mwenyewe anataka kuachia. Akiipata, wawekezaji huongeza pesa za kuinunua, naye anaiongoza. Anaweza kupata hadi robo ya hisa, ila kwa awamu: sehemu akinunua, sehemu akidumu kazini, sehemu akileta faida.

Mwanzoni waliochanga walikuwa watu binafsi wenye uwezo. Siku hizi kuna kampuni za uwekezaji ambazo kazi yao ni hiyo tu, na mtindo umeenea hadi Ulaya na Amerika ya Kusini. Ripoti ya Stanford ya 2024 ilihesabu hazina 681 Marekani na Kanada, faida kwa wawekezaji ikiwa wastani wa asilimia 35 kwa mwaka. Si mteremko, lakini. Takriban msakaji mmoja kati ya watatu humaliza muda wake bila kununua chochote.

Wacha niseme ukweli: hao wawekezaji hawaji Kebirigo. Hutafuta kampuni ambayo kwa kawaida faida yake ni dola milioni moja au zaidi kwa mwaka. Tena hatimaye hutaka kuuza na kuondoka na chao. Mnunuzi akihamishia duka Kisumu, sisi tumefaidi nini?

Lakini wazo lenyewe tunaweza kulikata litutoshe. Wazee wetu walikuwa na risaga: leo majirani wanalima shamba lako, kesho la mwingine. Leo tuna vyama vinavyonunua ploti, na ndugu wa ng'ambo wanaojenga nyumba kubwa zinazolindwa na soja na mbwa. Watu kumi kama hao wakichanga, wamkabidhi kijana ambaye ameshafanya kazi dukani miaka mitano. Mzee alipwe kwa awamu, abaki miezi sita akimwelekeza. Kijana apate hisa kidogo kidogo.

Najua utasema vijana watakula pesa. Ndiyo maana hisa zisitolewe siku ya kwanza. Hiyo ndiyo sehemu ya kuiga kwa hao wataalamu, pamoja na vitabu vya hesabu. Duka ambalo madeni yake yako kichwani mwa mwenyewe haliuziki.

Nanyi wazee wetu, uzeni mkiwa hai. Mtu akifariki bila wosia, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hairuhusu yeyote kujichukulia mali yake kabla ya korti kutoa idhini. Familia ikianza kuzozana, kufuli linawekwa mlangoni, na panya ndio wanarithi kwanza.

Kwa serikali na Sacco, ombi langu ni moja: tengeni mkopo wa kijana kununua biashara anayoifanyia kazi. Ni rahisi kukagua duka lenye mauzo ya jana kuliko ndoto iliyoandikwa kwenye fomu.

Nawe kijana mwenzangu uliyeajiriwa dukani, kwa mashine ya kusaga unga au gereji, usingoje Nairobi. Kesho ukifika kazini, muulize mzee swali ambalo mimi sikuthubutu kumuuliza Omogaka: siku ukichoka, utaniuzia?