Maoni Yetu: Vitabu vitoke kabatini

Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, na kila mwaka kila moja hukaa kupanga bajeti ya elimu. Hupangwa madarasa, madawati, matundu ya vyoo na nyumba za walimu. Vyote vinahitajika, hatuna ugomvi navyo. Lakini maktaba ikitajwa katika vikao hivyo, hutajwa kama jengo: ramani, tofali, bati na siku ya mgeni rasmi kukata utepe. Fedha za jengo zikikosekana, ajenda inafungwa, na mwaka mwingine unapita huku watoto wengi wa darasa la tatu wakiwa hawajawahi kurudi nyumbani na kitabu cha hadithi mkononi.

Sisi tunasema mpango wa maktaba za shule uanzie kwenye kitabu kumfikia mtoto. Halmashauri yoyote ya pwani hii inaweza kuanza katika mwaka wa fedha ujao bila kumwaga zege hata ndoo moja, na hapo tunazihesabu Pangani na Mkinga ambazo mapato yake ya ndani si makubwa.

Tuanze na vitabu ambavyo tayari vipo. Katika shule nyingi za msingi vimo ndani ya kabati la chuma, ofisini kwa mwalimu mkuu au stoo, na kabati lina kufuli. Ukifunguliwa, utaona vimepangwa vizuri, vina muhuri wa shule kwenye ukurasa wa kwanza na namba ya rejesta imeandikwa kwa kalamu. Vingine kurasa zake bado zimegandana kwa upya. Sehemu kama Moa au Kipumbwi upepo wa chumvi umeshakula bawaba za kabati, mlango unalia, na ukungu umeanza kutia madoa pembezoni mwa karatasi. Hewa ya pwani haimsamehei anayefungia karatasi. Kitabu kinachoshikwa, kikafunuliwa na kupigwa na upepo mkavu wa mchana, kinaishi kuliko kile kilichofichwa gizani miaka mitano.

Hatumlaumu mwalimu mkuu. Kitabu ni mali ya serikali na kimo kwenye leja. Akihamishwa, makabidhiano yatakuwa ya kitabu kwa kitabu. Mkaguzi akija, atauliza viko vingapi, na kimoja kikikosekana maelezo yatatakiwa kwake. Hakuna anayemuuliza vingapi vilisomwa. Kitabu kilichopotea kina mtu wa kuwajibika. Kitabu ambacho hakijasomwa hakina. Kwa utaratibu huo, mwalimu mwangalifu ndiye atakayekuwa wa kwanza kununua kufuli.

Kwa hiyo jambo la kwanza katika mpango wowote ni waraka wa Mkurugenzi wa Halmashauri, ukurasa mmoja unatosha, unaosema wazi kwamba vitabu vya hadithi ni vya kuazimwa na kwamba shule inaruhusiwa kupoteza au kuchakaza sehemu fulani kila mwaka bila mtu kukatwa mshahara. Sisi tungependekeza kitabu kimoja katika kila kumi. Taratibu za fedha za serikali zina njia ya kufuta kwenye leja mali iliyochakaa au kupotea. Kinachotakiwa ni mkaguzi wa ndani na Afisa Elimu kukaa meza moja, wakakubaliana fomu ipi ijazwe na nani atie saini, kisha walimu wakuu wote waelezwe kwa maandishi. Bila maandishi hayo, semina kumi hazitafungua kabati.

Wako watakaosema watoto hawatunzi vitu. Wanaosema hivyo watazame vichochoro vya Ngamiani au Mwambani baada ya adhuhuri. Mtoto wa miaka sita anakwenda madrasa na juzuu yake ndani ya mkoba wa kitambaa au mfuko wa nailoni, anasoma, anarudi nayo nyumbani, na kesho anakwenda nayo tena. Haiweki chini. Akikutwa na mvua anaificha kifuani. Mtoto huyo amefundishwa kwamba anachobeba kina thamani, na amekabidhiwa yeye mwenyewe. Shule nayo inaweza kumkabidhi.

Jambo la pili ni vitabu kutembea. Hili si geni nchini. Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na sheria iliyopo sasa ni Namba 6 ya mwaka 1975. Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967, Bodi ilikuwa inajua kwamba majengo ya mijini hayatamfikia kila mtu, na katika miaka ile ilitumia magari na masanduku ya vitabu kuwafikia waliokuwa mbali. Jirani zetu wa Kenya, kupitia shirika lao la maktaba, walianza mwaka 1996 kupakia vitabu juu ya ngamia huko Garissa ili viwafikie watoto wa wafugaji. Sisi hatuhitaji ngamia. Mwaka 2018 serikali iligawa pikipiki kwa Maafisa Elimu Kata nchi nzima, na kazi yao ni kuzunguka shule za kata zao.

Tupige hesabu. Tuchukue sanduku la plastiki gumu lenye mfuniko unaobana, lisiloingiza maji wala mchwa. Ndani vitabu 60 vya hadithi, tukikadiria shilingi 5,000 kwa kitabu, yaani shilingi 300,000 kwa sanduku. Kata yenye shule tano ipate masanduku matano yasiyofanana. Kila sanduku likae shuleni miezi miwili, kisha lihamie shule inayofuata. Katika miezi kumi ya masomo, kila shule itakuwa imepitiwa na vitabu 300 kwa gharama ya kununua 60. Kata nzima ni shilingi 1,500,000. Pangani ina kata 14. Hata tukichukulia kila kata ina shule tano, tunafika shilingi 21,000,000, na ukiongeza bei ya masanduku na madaftari ya kuazimia haizidi 25,000,000. Wilaya yenyewe haifikishi shule za msingi 70, kwa hiyo gharama halisi iko chini ya hapo. Madarasa yaliyojengwa nchini mwaka 2021 kwa fedha za UVIKO-19 yalitengewa shilingi 20,000,000 kila moja. Kwa nyongeza kidogo juu ya bei ya darasa moja, wilaya nzima inasoma.

Shule kubwa za jijini, zenye mamia ya watoto, zitahitaji masanduku mawili au matatu kwa pamoja. Hilo Jiji la Tanga linalimudu.

Swali gumu zaidi ni nini kiingie ndani ya sanduku. Ruzuku ya elimu bila malipo tangu 2016 ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu ya vitabu katika hizo inaelekezwa kwenye vitabu vya kiada, vile vinavyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ni sawa, mtoto hawezi kusoma Hisabati bila kitabu cha Hisabati. Lakini kusoma kwa wepesi kunatokana na kusoma kingi, na kingi hicho ni vitabu vya ziada ambavyo havina fungu la uhakika. Halafu kuna hofu nyingine. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, na tangu hapo mwalimu mkuu anayepokea boksi la msaada ana sababu ya kujiuliza kama kila kilichomo kina ithibati. Asipojua, atafungia. Halmashauri imtoe kwenye wasiwasi huo: ofisi ya Afisa Elimu iandae orodha moja ya vitabu vya ziada vyenye ithibati, iihuishe kila mwaka, na manunuzi yote yafuate orodha hiyo.

Na orodha iwe ya Kiswahili kwanza. Shule zetu za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili, na mtoto anayejifunza kuunganisha silabi hasaidiwi na shehena ya vitabu vya Kiingereza vilivyoondolewa kwenye rafu za nchi nyingine. Wafadhili wenye nia njema tunawaomba wanunue hapa. Vitabu vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulijenga kizazi cha waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto kwa njia rahisi: mchapishaji alihakikishiwa kwamba sehemu kubwa ya nakala zitanunuliwa na kupelekwa shuleni. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, inazidi kuleta miswada mipya. Halmashauri 11 zikinunua kwa orodha moja, mchapishaji ataona soko na bei itashuka.

Mkoa huu hauna udhuru wa kukosa cha kusoma. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini mwa jiji, mwaka 1909, akawa karani wa forodha Pangani, na kaburi lake liko Machui. Gazeti la Kiongozi lilichapwa katika shule ya serikali ya Tanga enzi za Wajerumani. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, historia ya watawala wa Usambara, ilichapwa kwanza Magila, huko Muheza. Tungependa kuona mwandishi wa leo akipewa kazi ya kuisimulia habari hiyo upya kwa watoto wa darasa la tano, yenye picha na lugha ya rika lao, ili watoto wa Muheza na Lushoto wasome juu ya milima wanayoiona dirishani.

Sanduku halijifungui lenyewe. Kila shule inahitaji mwalimu wa maktaba, na hapo ndipo mipango mingi hufa, kwa sababu cheo hicho hupewa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vingi kuliko wenzake, bila kupunguziwa hata kimoja. Apunguziwe vipindi viwili kwa wiki, na vipindi hivyo viandikwe kwenye ratiba kama kipindi cha maktaba, darasa kwa zamu. Kusema watoto wakae baada ya masomo hakufai pwani: mchana ni wa madrasa, na wengine wanasubiriwa nyumbani au ufukweni kupokea ngalawa. Kuhusu mafunzo, Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kiko Bagamoyo, barabara hii hii ya pwani. Siku tatu za kufundishwa jinsi ya kuazimisha, kukarabati kitabu kilichochanika na kusoma hadithi kwa sauti mbele ya darasa zinatosha kuanzia. Chuo cha Ualimu Korogwe nacho kingefanya vyema kuwapa walimu tarajali mazoezi ya kuendesha sanduku wakati wa mafunzo kwa vitendo.

Maktaba ya Mkoa iliyopo jijini, ile iliyojengwa miaka ya 1950 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita, isiachwe pembeni. Wakutubi wake wanajua kazi hii kuliko mtu yeyote katika ofisi za halmashauri. Wapewe jukumu la kuchagua vitabu, kuvipa namba na kuvifunga kwenye masanduku kabla havijatoka. Mtoto wa Duga Maforoni hawezi kuifikia maktaba hiyo, lakini ujuzi wa waliomo unaweza kumfikia.

Sekondari zina shida ya aina yake. Shule mpya za kata zilizojengwa kwa SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, zimepewa ramani yenye jengo la maktaba. Ni hatua kubwa. Basi majengo hayo yasigeuzwe stoo ya viti vibovu, na yawe na nakala za kutosha za riwaya na tamthiliya za kidato cha tatu na nne, kwa sababu nakala moja ya riwaya ya Takadini kwa wanafunzi hamsini inazaa wanafunzi hamsini wanaokariri muhtasari wa mtu mwingine.

Miradi ipo, na Tanga ni miongoni mwa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora. Ila mradi una tarehe ya kuisha. Ndiyo maana tunasisitiza kifungu cha vitabu vya ziada kiwe kwenye mapato ya ndani, kidogo lakini cha kila mwaka, ili nakala zilizopotea zinunuliwe upya na masanduku yasichakae mpaka mwisho.

Kipimo nacho kibadilike. Taarifa za sasa hutaja idadi ya vitabu vilivyopo. Tunataka zitaje vilivyoazimwa. Wathibiti ubora wa shule wakifika, waombe daftari la kuazimia kabla ya leja, waangalie tarehe na majina, kisha wamchague mtoto mmoja wa darasa la nne na kumwomba awasimulie kitabu alichorudisha wiki iliyopita. Shule yenye vitabu 200 visivyo na michubuko ipewe maelekezo. Shule iliyopoteza kumi na kuazimisha mia nne ipongezwe mbele ya wengine.

Mabaraza ya madiwani yatapitisha bajeti mapema mwakani. Diwani anayetaka kusaidia aulize mambo matatu kwenye kikao: kifungu cha vitabu vya ziada ni kiasi gani, nani mwalimu wa maktaba katika kila shule ya kata yake, na waraka wa kuazimisha umetoka lini. Hilo la mwisho halihitaji hata kusubiri bajeti. Mkurugenzi anaweza kuutia saini kabla shule hazijafunguliwa Januari, na vitabu vilivyomo makabatini leo vikaanza kutoka wiki hiyo hiyo.